Udo Udoma: jaji wa kutukuzwa au muhuri wa Obote?

Mzalendo wa Mbale: Jaji Mkuu Kiwanuka tunamkumbuka, ni haki yake. Ila Udoma, Jaji Mkuu wa Uganda 1963 hadi 1969, anasifiwa kwa lipi? Aprili 1966 wabunge wanakuta katiba mpya ya Obote kwenye visanduku vyao vya barua. Chifu Matovu yuko kizuizini, anakwenda mahakamani, anaambiwa mapinduzi yamefaulu, kwa hiyo katiba ni halali. Nadharia ya Kelsen hiyo, yule mwanafalsafa wa sheria! Mnigeria wa kuazimwa angejali nini?

Karani wa Korti: Wa kuazimwa? Sheridan na Jeffreys Jones walioketi naye walizaliwa Mbarara? Hukumu ni ya wote watatu, lakini unamwona Mwafrika tu.

Nalongo: Mpashe! Halafu mtu huyohuyo atatuambia Kiwanuka ndiye Mwafrika wa kwanza kwenye kiti kile.

Mzalendo wa Mbale: Sijasema hivyo, usinilishe maneno. Kiwanuka ni raia wa Uganda wa kwanza kukikalia, 1971. Na yeye aliamuru mfanyabiashara Mwingereza aachiwe, askari wa Amin wakamkamata palepale Mahakama Kuu, 21 Septemba 1972. Mlinganisheni na huyo wenu.

Wakili Kando: Jamani, someni mwanzo wa hukumu. Ombi la Matovu lilikuwa bovu. Kiapo, yaani ushahidi wa maandishi, alikula wakili wake, kikajaa hoja za sheria. Majaji wangeweza kulitupa asubuhi hiyohiyo na siasa yote ikawapita. Wakasema huu ni uhuru wa mtu, wakapuuza kasoro, wakasikiliza. Mwoga hafanyi hivyo.

Mzalendo wa Mbale: Kwa hiyo mimi mbaguzi, ndio mnachosema?

Karani wa Korti: Hilo la kiapo ndilo linalotutesa masjala. Hadi leo, Kampala, Nairobi hata Dar, ukiweka hoja au maombi ndani ya kiapo, mpinzani anakupiga Matovu. Andika ulichoshuhudia, ulichoambiwa, taja aliyekuambia na kwamba unaamini ni kweli. Basi. Hoja zisubiri siku ya kusikilizwa.

Nalongo: Na aya moja mbovu inaua kiapo kizima?

Wakili Kando: Si lazima. Aya mbovu hufutwa, zilizobaki zikijitegemea kiapo kinasimama. Kikibaki mifupa, ombi limekwenda.

Karani wa Korti: Inategemea jaji, wakili. Wengine hawana subira hiyo.

Mto Nile: Mmehamia viapo? Hoja ya Kelsen waliichukua Pakistan, kesi ya Dosso ya 1958. Wapakistani wenyewe waliitupa 1972. Sisi ndio tumebaki nayo vitabuni, ingawa Katiba ya 1995, ibara ya 3, inasema anayepindua serikali ni mhaini.

Mzalendo wa Mbale: Asante Nile! Angalau mmoja anajibu swali.

Wakili Kando: Jaji aliyeamua kesi ya Matovu 1967 angefuataje ya Pakistan ya 1972? Karani, jaji gani huyo asiye na subira? Usimtaje, sema daraja tu.