Kabla hujanunua hisa au vipande ulikagua nini? Tupeane uzoefu

Kipanga: Leo dada mmoja kazini kaniuliza anunue hisa gani DSE, soko la hisa la Dar es Salaam. Nikakumbuka toleo la hisa za Vodacom 2017, shilingi 850 kwa hisa: niliowauliza wakati ule, sababu yao ilikuwa laini waliyokuwa nayo. Baadaye bei ikashuka chini ya hapo. Nyie mlikagua nini?

Wafula254: Huku kwetu Kenya ni Safaricom 2008, shilingi 5. Watu walikopa, wakagawiwa chache kuliko walizoomba, na mwaka uliofuata bei ikawa chini ya 3. Aliyenunua kwa mkopo aliumia, aliyekaa na zake anakula gawio, sehemu yake ya faida.

BintiRufiji: Gawio lenyewe msilikimbilie rejista ya wanahisa watakaolipwa ikikaribia kufungwa. Ikishafungwa bei nayo hulegea.

MzeeVipande: Mnajichosha. Mimi nina vipande vya Mfuko wa Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, tangu 2005, nalala usingizi.

BintiRufiji: Mzee wangu shikamoo, lakini ndani ya vipande hivyo mna hisa hizo hizo na hatifungani, yaani mikopo kwa serikali na kampuni!

MzeeVipande: Marahaba. Ndiyo, ila anayechagua amesomea.

MamaKareni: Acheni niseme. Kikundi chetu cha vikoba kililetewa kijana na "mfuko" wa asilimia 20 kwa mwezi. Suti, vipeperushi vya rangi, risiti zenye muhuri. Nikamuuliza leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, iko wapi, na pesa inatunzwa benki gani. Akatabasamu, akamgeukia mwenyekiti. Wenzangu wakanirukia: una wivu, unatuzibia riziki. Mweka hazina akatuma pesa pale pale kwa simu, kwenye namba ya mtu binafsi, jina la mwanamke tusiyemjua. Nililiona jina lile kwenye kioo, mwili ukaniisha nguvu. Mwezi wa kwanza walilipwa. Wa pili namba haikupatikana. Ada za watoto zilikuwa humo.

Wafula254: Pole sana mama. Polisi je?

MamaKareni: Tuliandikisha. Hadi leo kimya.

Chausiku: Ndiyo maana mimi nanunua kiwanja.

BintiRufiji: Kiwanja nacho huuzwa mara mbili, dada.

Chausiku: Cha kwangu kina hati!

Kipanga: Turudi kwenye mada jamani. Hisa za benki naanza kusoma wapi?

Mhasibu_Moro: Hesabu za robo mwaka, ziko magazetini. Tafuta uwiano wa mikopo chechefu, ile isiyolipwa inavyotakiwa, kwa mikopo yote. Benki Kuu (BoT) inataka usizidi asilimia 5. Kisha linganisha robo hii na ile ya mwaka jana, si iliyopita.