Mjadala: Barua za waliojiua zilizo polisi, watafiti wapewe au wasipewe?

Mwanzisha mada, Kampala

Ndugu zangu, mada ni nzito, tuijadili kwa heshima. Mtu akijiua akaacha barua, polisi huichukua kama kidhibiti, ikaingia kwenye faili. Faili likishafungwa, barua ile haisomwi tena na mtu yeyote anayejua saikolojia. Mimi nasema watafiti wapewe, kwa masharti.

Wenzetu walianza zamani. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Shneidman, alikuta mamia ya barua hizo katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Los Angeles. Yeye na mwanasaikolojia mwenzake Norman Farberow walichagua 33 zilizoandikwa na wanaume waliojiua kweli, kisha wakawaomba wanaume wengine 33 wanaolingana nao waandike kama vile nao wanaaga dunia. Walipozilinganisha, za kuigiza zilijaa falsafa ya maisha. Za kweli zilikuwa na maagizo madogo madogo: deni fulani lilipwe, kitu fulani apewe fulani. Mwaka 1959 watafiti Charles Osgood na Evelyn Walker wakaongeza kwamba za kweli zina maneno mengi yasiyoacha nafasi: daima, kamwe, wote, hakuna.

Mwaka 2010 mtafiti John Pestian na wenzake wa Cincinnati, Marekani, waliipa kompyuta barua zilezile 66. Ilizitambua sawasawa kwa asilimia 78, wataalamu wa afya ya akili asilimia 63. Elimu kama hiyo ingemsaidia mwalimu au muuguzi wa Uganda kushtuka mapema. Lakini kompyuta zile zimefundishwa Kiingereza, ambako "mimi" ni neno linalosimama peke yake na kuhesabika. Kwetu mtu anaandika "nimechoka" na nafsi yake imo ndani ya kitenzi. Kipimo cha kuhesabu maneno kitampita bila kumwona. Bila barua zetu wenyewe, tutaletewa chombo kisichotusikia.

Mama wa Mbale

Mimi napinga, na nina sababu. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Paul Bohannan alihariri kitabu kuhusu mauaji na kujiua Afrika. Kina sura juu ya makabila yetu ya Uganda, Wagisu, Wasoga, Wanyoro na Waalur, na waandishi walitegemea sana rekodi za serikali ya kikoloni. Familia ziliombwa ruhusa? Mimi ni Mgisu, sijaona kilichorudi Bugisu kutokana na kazi ile. Huku kwetu kifo cha namna hii bado kinaacha aibu kwenye ukoo mzima, watoto wanaulizwa hata wanapotaka kuoa. Halafu barua ya baba yao iende kuchambuliwa na wageni? Hapana.

Sista, Arua

Mama wa Mbale, nakuelewa kabisa. Niongeze kwamba wengi hawaachi barua yoyote. Na siku hizi ujumbe uko kwenye simu. Wodini kwetu aliletwa kijana aliyeokolewa, mama yake akanionyesha simu. Alikuwa amemtumia dada yake pesa zote zilizobaki kwenye mobile money, na ujumbe wa Kiswahili kilichochanganyika na Kilugbara: alipe deni la dukani, mbuzi asiuzwe. Basi. Hakuna kulia, hakuna lawama. Dada alidhani ni habari za kawaida za nyumbani. Nikisoma hayo ya Shneidman kuhusu maagizo madogo, namkumbuka yule kijana. Alipona, anakuja kliniki.

Tafadhali, anayesoma hapa akiwa na mawazo hayo, asibaki peke yake leo. Amwambie mtu mmoja waziwazi, kisha aende hospitali. Kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyo Kampala, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili.

Askari mstaafu, Jinja

Kwanza, barua haiwezi kutoka kabla uchunguzi haujakwisha. Kuna watu huua, kisha wakaandika barua kwa jina la marehemu, lazima mwandiko ulinganishwe. Pili, mnasahau waliojaribu wakanusurika. Sheria yetu ya adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mtu akipona, ile barua yake inaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Mnataka watafiti wachukue karatasi ambayo serikali inaweza kumfungia mwenyewe?

Mwanzisha mada

Afande, hapo umegusa penyewe, na ndiyo maana nasema sheria ibadilike kwanza. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Ghana Bunge lilikifuta cha kwao mwaka 2023. Sisi tunangoja nini? Mtu anayejua kwamba maneno yake ni ushahidi wa kosa hatayasema hata kwa Sista.

Mama wa Mbale, masharti yangu ni haya: familia iulizwe, majina na vijiji viondolewe, watafiti wawe watu wanaozungumza lugha ya barua, na matokeo yarudi hospitali za mkoa. Magazeti yasipewe hata mstari. Shirika la Afya Duniani linawaambia waandishi wa habari wasichapishe barua hizi, kwa kuwa aliye kwenye hatari akizisoma anaweza kujiona humo. Wala sisemi barua itatuambia kwa nini. Shneidman mwenyewe baada ya miaka mingi alikiri kwamba nyingi hazielezi alichotarajia, akashauri zisomwe pamoja na historia ya maisha ya mtu.

Askari mstaafu

Familia ni nani? Mjane atakubali, ndugu wa ukoo watakataa. Nimeyaona.

Mama wa Mbale

Swali zuri hilo. Kwetu wataitana kikao na mjane hatasikilizwa.

Mwanzisha mada

Aulizwe aliyeandikiwa. Barua ikisema "mke wangu", jibu ni la mke, ukoo usimsemee. Ikiwa imeandikwa kwa mtoto, ikae palepale mpaka afikishe miaka 18, aisome yeye kwanza, kisha aamue.

Mama wa Mbale

Hilo la mtoto nakubali. Hayo mengine bado napinga mpaka sheria ibadilike.