Kuna ulazima gani wa kuvuka mpaka ili tu kubadili pasipoti?

MkaaBaridi (mleta mada):
Wakuu, nauliza kwa nia njema. Ubalozi wetu wa Tanzania ulioko Stockholm unahudumia Sweden, Norway, Denmark, Finland, Iceland na zile nchi tatu za Baltiki. Mtu wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, pasipoti ikikaribia kuisha, fomu anajaza mtandaoni, halafu apande ndege aende nchi nyingine kuweka alama za vidole. Nauli, pa kulala, ruhusa ya kazini. Maofisa wakija na mashine Oslo au Helsinki kwa ratiba inayojulikana kuna ubaya gani? Au makonseli wa heshima wapewe kazi hiyo. Naomba hoja, matusi peleka kwingine.

ChumaChaReli:
Pasipoti ya kielektroniki unapewa ya miaka kumi. Mara moja kwa miaka kumi nayo ni kilio? Kuna watu Kakonko wanapanda basi hadi Kigoma mjini kufuata huduma na hawajawahi kuanzisha mada. Nyie wabeba maboksi wa ughaibuni mmezoea kudekezwa.

DadaWaLeicester:
"Wabeba maboksi." Nilijua litatajwa, ila si kwenye jibu la kwanza kabisa! Mimi ni nesi, kama inakuhusu. Na hata ningebeba, ni wangapi humu wamelipiwa ada kwa maboksi hayohayo na leo wana mdomo?

ChumaChaReli:
Dada, hakuna aliyekutaja. Nimerusha jiwe gizani, aliyelia kajitambulisha mwenyewe.

DadaWaLeicester:
Jibu swali. Ada yako alilipa nani?

ChumaChaReli:
Baba yangu. Alikuwa mkulima wa pamba, Maswa. Endelea.

MwinyiWaRuwi:
Tafadhalini. Mie nipo Maskati, Oman, ubalozi tunao hapahapa, kwa hilo la safari sisemi kitu. Adha ni viambatanisho. Cheti cha kuzaliwa cha mama yangu kilipigwa laminesheni zamani ili kisichakae. Nimekipeleka ofisi moja, siitaji. Bwana yule kakigeuza, kakikwaruza kwa ukucha pembeni, kisha kanirudishia: muhuri haukai juu ya plastiki, lete kingine. Ndugu yangu kenda kufuatilia nakala nyumbani, kaambiwa mama aje mwenyewe. Bibi wa miaka themanini na ushei, magoti hana!

JiraniWaEldoret:
Poleni majirani. Sisi Wakenya tuna uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na bado kwa pasipoti unajaza fomu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu unafika ubalozini kuchukuliwa vidole. Kwa hivyo msidhani mkipewa hiyo pacha foleni itaisha. Na ile tarehe ya mwisho ya pasipoti za zamani, serikali yetu iliisongeza hadi watu wakaacha kuiamini.

MkaaBaridi:
Nani kataja uraia pacha humu?

MzeeWaVifungu:
Kwa kuwa umetajwa, tuuweke sawa. Sheria ya Uraia ya 1995 haina kona: mtu mzima akichukua uraia wa nje kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Kilichokuja baadaye ni hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Walirekebisha Sheria ya Uhamiaji na ile ya Ardhi, nadhani mwaka juzi au jana.

DadaWaLeicester:
Ni 2025, wakili wa kukisia. Na hiyo hadhi haina kura. Hata sisi tuliobaki na pasipoti ya Tanzania tukiwa nje hatupigi kura. Pesa zetu tu ndizo zinapokelewa bila kuulizwa cheti.

ChumaChaReli:
Kura ya nini na kodi hamlipi?

DadaWaLeicester:
Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Nyumba yangu ya Mbezi inalipa kila mwezi. Yako je, au bado umepanga?

MpangajiMtiifu:
Samahani, mimi huwa nasoma tu. Ila hapo kwenye LUKU dada umenigusa. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo 1,500 ya kila mwezi inatoka mfukoni kwangu. Mwenye nyumba wangu yuko nje kama wewe. Nilipomwomba tuipunguze kwenye kodi ya pango akaniambia nilete ushahidi.

ChumaChaReli:
😂😂😂 Mada imepata mwenyewe.

DadaWaLeicester:
Ushahidi si upo kwenye simu yako? Ujumbe wa tokeni unaorodhesha kila kitu: VAT, tozo ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji), ya REA (wakala wa umeme vijijini), na kodi ya majengo mstari wake peke yake. Mtumie. Na mimi wapangaji wangu nawapunguzia, kabla hujauliza, Chuma.

MzeeWaVifungu:
Mdaiwa wa kodi hiyo kisheria ni mmiliki. Mwandikie barua.

MpangajiMtiifu:
Barua nimwandikie nani? Mkataba nilisaini na shemeji yake. Kodi ya pango anapokea shemeji. Juzi huyohuyo shemeji kapandisha kodi, nikamuuliza kwa mamlaka ya nani, akanionyesha ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

MzeeWaVifungu:
Ujumbe wa sauti si hati ya uwakili. Mwenye nyumba alipaswa kusaini hati, ithibitishwe huko aliko, ndipo shemeji awe na nguvu ya kusaini kwa niaba yake.

DadaWaLeicester:
Nguvu hiyohiyo ndiyo wanayouzia viwanja. Binamu yangu alimpa mtu hati isiyo na mipaka, kiwanja cha Kigamboni hadi leo kina ukuta wa mtu mwingine.

ChumaChaReli:
Sasa hapo kosa la nani? La Kakonko?

MwinyiWaRuwi:
Chuma, nawe hupumziki.

MpangajiMtiifu:
Wakuu, nilipe hiyo kodi mpya au nisilipe? Shemeji anakuja Jumamosi.