Amiga 500 imekuwa manjano: peroksaidi ya saluni au ya duka la dawa?

fundi_mkomani (Lamu)
Salaam wajuzi. Nina kompyuta ya zamani ya mteja, Amiga 500, kava la juu na vitufe vimegeuka manjano. Upande wa ndani rangi ya asili bado ipo. Nimeosha kwa sabuni ya vyombo, hakuna kilichobadilika, kwa hiyo si moshi wala uchafu. Saluni za hapa zina krimu ya peroksaidi 40 volyumu, duka la dawa lina ya maji 3%. Ipi itaondoa umanjano, na juani muda gani? Kuna aliyenishauri Jik.

saketi_malindi
Jik achana nayo. Klorini hula plastiki na baadaye umanjano huzidi.

Hiyo ni plastiki aina ya ABS iliyotiwa kemikali za bromini ili isishike moto upesi. Jua na joto ndivyo huibadilisha. Kava la chini likiwa bado zuri usishangae, mchanganyiko wa kiwandani haukuwa mmoja.

Tumia ya maji. Ya 3% usiizimue. Ukipata ya maji ya 12%, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, na yawe ya mvua au yaliyosafishwa. Chembe za chuma kwenye maji ya kisima huivunja kabla haijafanya kazi. Chombo kiwe angavu, kifuniko usikikaze maana oksijeni inatoka. Mapovu yakiielesha plastiki, ikandamize kwa gilasi, si chuma, na geuza kila saa. Jua la kaskazi, saa nne hadi saa tisa, mara nyingi latosha. Wakati wa mawingu rudia kesho yake.

vitufe_na_waya
Kwa vitufe, sawa. Lakini kulizamisha kava zima la Amiga kwataka lita kadhaa, na duka la dawa huuza vichupa. Kava lipake krimu; 40 volyumu ndiyo 12%.

Vua skurubu, bati la ndani na nembo. Vaa glavu na miwani, 12% huchoma ngozi. Paka kwa brashi tabaka zito lililo sawa kila mahali, funga kwa nailoni angavu ya chakula, sukuma mapovu yote yatoke. Kila nusu saa fungua, sambaza upya, geuza upande. Hapa ndipo wengi huharibu: krimu ikikauka sehemu moja, au povu likibaki chini ya nailoni, panatokea mabaka meupe na kuyasawazisha ni kazi ngumu. Upepo wa kusi juu ya dari hukausha haraka, basi weka nyuma ya ukuta. Usilaze kava juu ya bati lenye moto, litapinda.

fundi_mkomani (Lamu)
Shukran. Maandishi ya vitufe hayatafutika? Na umanjano hautarudi?

saketi_malindi
Jaribu kwanza kitufe kimoja kisichotumika sana. Piga picha ya mpangilio kabla ya kuving'oa, na cha nafasi kitoe waya wake wa chuma.

Kurudi, waweza kurudi, hata mashine ikikaa kabatini. Mwambie mteja mapema.

vitufe_na_waya
Tena usikimbilie weupe. Amiga 500 haikutoka kiwandani nyeupe pe. Kila ukigeuza linganisha na upande wa ndani; zikifanana, suuza papo hapo kwa maji mengi yasiyo na chumvi, kausha kivulini. Ukiendelea zaidi ya hapo plastiki hupauka na uso wake hudhoofika.