Kocha kamwaga maji yangu mbele ya jimu nzima eti yanagandisha mafuta, huyu mtu nani kamruhusu kufundisha watu??

MamaWawili_Tabata (mleta uzi)

Wakuu sitaki salamu ndefu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, ndo nimetoka jimu sa hivi hata kuoga bado, naandika nimekaa kwenye ngazi. Yule kocha mnamjua. Msijifanye hammjui, yule wa fulana inayombana kama kaazima kwa mtoto wa darasa la nne, mwenye simu mbili, anayeuza ile mikanda myeusi ya tumbo, kuanzia Tabata mpaka Segerea hakuna ambaye hajawahi kufokewa naye.

Huyo mtu leo kachukua chupa yangu ya maji, maji YANGU, nimenunua kwa hela YANGU, kaifungua mbele ya watu wote kamwaga chini. Kwenye kapeti! Eti "mama, maji ya baridi ndo yanagandisha mafuta tumboni, ndo mana hapo mbele pako hivo". Af akanirudishia chupa tupu na kifuniko chake. Jimu nzima kimya, kuna kaka alikuwa kanyanyua chuma akabaki nacho juu, mpaka naondoka sijui kama alikishusha.

HAPO MBELE PAKO HIVO. Mimi nimezaa mara mbili kwa upasuaji, hapo mbele pana kazi pamefanya, yeye hapo mbele kwake pamefanya nini zaidi ya kubeba simu?

Na uongo wenyewe hata haujakaa vizuri. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37, maji yakishuka tumboni yanapashwa humohumo, hayakai yakasubiri kugandisha mtu. Mafuta ya chakula yanayeyushwa na nyongo inayotoka kwenye ini, yanamalizwa kwenye utumbo mwembamba. Nyama uzembe ya tumboni ni mafuta yaliyohifadhiwa ndani ya seli, chini ya ngozi na kuzunguka viungo, hayo na maji ya kwenye chupa hayakutani popote! Darasa la biolojia tulikaa wote, au yeye siku hiyo alikuwa anabana fulana?

Huyuhuyu ndo anatuvalisha manailoni tumboni eti tuyeyushe mafuta. Jasho ni maji na chumvi. Unapanda mizani unaona umepungua unashangilia, ukinywa maji kilo zinarudi. Sasa wewe umemvalisha mtu nailoni, Dar hii, joto hili na unyevu huu, mwili unashindwa hata kujipoza, HALAFU UNAMWAGA MAJI YAKE? Mtu akidondoka hapo utampepea na mkanda?

Kamwaga chini wakuu. Chini. Kwenye kapeti.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Hii chai. Maji ya kumwagwa tu ndo unafungua uzi? Weka picha ya hapo mbele wadau tuamue kocha kaongopa wapi.

---

Zamu_ya_Usiku

Pole sana mama. Mimi nesi, hao watu wa manailoni wanaletwa kwetu wamelegea, kichwa kinawauma, wanatapika, ukiuliza unaambiwa alikuwa "anakata tumbo". Af niseme na hili, kulala chali ukajikunja mara mia kwa siku kunakaza misuli ya tumbo tu, hakuchagui mafuta ya hapohapo. Mwili ndo unaamua utoe wapi kwanza, wengine unaanza na uso, wengine matiti, kitambi kinaweza kubaki cha mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kuuchosha mwili kiasi, hata kutembea kwa kasi inahesabika, na hakuna mahali limesema ununue mkanda.

---

Lumbesa_Original

Mleta mada ada ulilipa lakini? Mana kuna watu wanadaiwa miezi af wakiguswa kidogo wanakuja huku kulia.

---

MamaWawili_Tabata

@Lumbesa_Original nimelipa tena mapema, na hata ningekuwa nadaiwa maji yalikuwa ya dukani sio ya kwake! Ametoa kifuniko taratiiibu huku ananiangalia usoni ndo akamwaga. Angeyanywa ningeelewa ana kiu.

Na mumuulize mtu anayekataza ugali usiku af anatuambia tukishikwa njaa tule karanga "mpaka ushibe". Gramu ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga ina 4, na karanga karibu nusu yake ni mafuta. Karanga ni chakula kizuri sikatai ila huwezi kumnyima mtu ugali na mchicha kisa saa mbili usiku imefika ukamruhusu ndoo ya karanga ukasema unampunguza. Tumbo halina saa. Kinachonenepesha ni jumla ya unachokula kupita unachotumia.

---

Mkwe_Mtiifu

We umemwagiwa maji, mimi mwanangu ananyweshwa kwa nguvu. Mama mkwe kaja kutusaidia mtoto, mtoto ana miezi miwili, nikienda kuoga nikirudi nakuta kashapewa maji ya vuguvugu kwa kijiko eti "koo limemkauka, maziwa ni chakula sio kinywaji". Kliniki wametuambia maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, hata maji hapana, maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji. Nikimwambia anasema "baba yake nilimpa na huyo hapo anapumua". Mume yupo kimya anaangalia mpira. Nani ana hasira zaidi ya mimi humu?

---

Kisiki_cha_Mpingo

@Mkwe_Mtiifu pole shem, wewe ndo una uzi sasa, sio yule wa kapeti.

---

Karani_Mchovu

Mnalalamika mna bahati. Ofisini kwetu mkubwa kaleta mambo ya hatua elfu kumi kwa siku, kila mtu anatuma picha ya simu kwenye grupu jioni, asiyefikisha anatajwa. Watu wazima tunazunguka korido saa kumi na moja jioni kama tumepoteza funguo. Na hiyo elfu kumi ilianza kama namba ya biashara, Japani mwaka 1965 walitoa kifaa cha kuhesabu hatua cha kuvaa kiunoni, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, wakakiuza kwa namba hiyo sababu inavutia. Kutembea kunafaida hata ukiwa hujafika huko! Jana kanitaja mimi wa kwanza, hatua 3,200, mbele ya binti wa mapokezi.

---

Lumbesa_Original

3,200 mkuu?? hata kuku wa kisasa anafikisha

---

Mzee_wa_Bao

Vijana mna haraka ya kumlaumu kocha. Nchi hii 2011 tulipanga foleni ya magari kilometa na kilometa kwenda Samunge kule Loliondo, kikombe cha dawa ya Babu shilingi 500, wenye hela walikuja na helikopta, wasomi, viongozi, wote tulikunywa. Sasa leo mnamshangaa mtu wa mkanda mweusi. Watanzania ukituambia kitu kinatibu kila ugonjwa hatuulizi, tunauliza kinauzwa wapi.

---

Zamu_ya_Usiku

Mzee usinikumbushe. Kinachoniuma mimi ni dawa. Mtu ana presha, anameza dawa, presha inashuka, anajisikia vizuri, anaamua kapona anahamia kitunguu swaumu na limao. Presha haina kelele mzee wangu, haiumi, unaamka tu mkono hauinuki. Imeshuka SABABU unameza! Na wa sukari wameambiwa asali haina madhara kwa vile ni ya asili. Asali ni sukari, kipimo hakijui kama imetoka kwa nyuki au dukani. Kula kitunguu swaumu chako kwenye mchuzi, kitamu, ila vidonge usivitupe.

---

MamaWawili_Tabata

Jamani mimi bado naongelea maji yangu. Kuna mtu kanitumia ujumbe anasema na yeye wiki iliyopita kamwagiwa, yeye alikuwa na maji ya baridi yenye ndimu. Kwa hiyo ana tabia! Njooni mseme hadharani, mnaogopa nini, yule hana hata cheti ukutani, ukutani kuna picha zake tu.

---

Chauro_wa_Bonde

Mi naona tatizo lote ni sembe. Hameni sembe kuleni dona, kitambi mtakisikia kwenye redio.

---

Lumbesa_Original

Dona ina kalori karibu sawasawa na sembe acha kudanganya watu, inachoizidi sembe ni nyuzinyuzi na vitamini za kwenye pumba na kiini. Ukila sahani inayofunika mkono ni kitambi kilekile.

---

Chauro_wa_Bonde

Nyuzinyuzi zinashibisha mapema ndo hoja yangu, soma uelewe. Nimekulia Ifakara nitafundishwa chakula na wewe?

---

Zamu_ya_Usiku

Dona nzuri ila mahindi yawe makavu yasiyo na ukungu. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Ukikoboa sumu inapungua kwa sababu nyingi inakaa kwenye ganda na kiini, kwenye dona unasaga na vyote. Chambua kwanza, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa tupa, hata kuku usimpe. Na kupika hakuiui.

---

Mkwe_Mtiifu

Kwa hiyo unga wa dona wa dukani uliofungwa tutajuaje mahindi yalikuwaje? Mi nanunua huohuo.

---

Mzee_wa_Bao

Nunua mahindi mwenyewe binti, yaanike, yachambue, peleka mashine. Unga wa kufungiwa huwezi kuukagua.

---

Karani_Mchovu

Mashine gani huku inakubali kusaga debe moja? Ya karibu na kwangu wanataka gunia ndo wawashe.

---

Chauro_wa_Bonde

Nenda asubuhi mapema, unaunganishwa na wa mbele yako. Ila hakikisha wa mbele hajasaga mihogo.

---

Mkwe_Mtiifu

Debe la mahindi ya Kibaigwa pale sokoni Tandale wanauzaje wiki hii? Aliyepita huko aseme.