Nimechoka na mafundi wanaobadilisha spea kwa kukisia: gari linasita na hakuna anayepima

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba msome mpaka mwisho, kwa sababu najua wengi wenu mmelipia upuuzi huu huu nilioulipia mimi. Gari langu ni la zamani, la injini ya petroli yenye nozeli za kupulizia petroli na kompyuta ya kizazi cha mwanzo, na kwa muda mrefu lilikuwa na tatizo lenye tabia moja isiyobadilika: nikiwa kwenye mwendo wa kawaida, mguu ukiwa umegusa pedeli ya mafuta kidogo tu, injini ilisita ghafla kana kwamba imekatiwa petroli, kisha ikarudi yenyewe na kuendelea kama kawaida. Nikikanyaga zaidi, lilivuta vizuri. Likisimama, liliunguruma vizuri. Injini iwe baridi au moto, hakukuwa na tofauti. Ziko siku ambazo halikusita kabisa. Maelezo haya niliyatoa kwa kila fundi niliyempelekea, tena kwa maneno haya haya, na kila mmoja alitikisa kichwa cha kukubali, akafungua boneti, akataja spea ya kununua kabla hata hajaliwasha gari.

Zilianza plagi, zikafuata waya za plagi, kisha koili inayozalisha umeme wa cheche, kisha filta ya petroli. Pampu ya petroli ilihukumiwa na kung'olewa bila mtu yeyote kufunga geji ya presha kwenye njia ya petroli. Nozeli zilioshwa. Sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, ilibadilishwa, na fundi aliyeibadilisha hakuweza kuniambia ile ya zamani ilikuwa inatoa volti ngapi, ingawa kipimo chake si siri: sensa ya kawaida ya aina hiyo, ikishapata joto la kutosha, hupanda na kushuka kati ya takribani volti 0.1 na volti 0.9, na mtu mwenye mita anaweza kuiona ikifanya kazi akiwa amesimama pembeni mwa gari.

Kinachoniudhi kuliko gharama ni jinsi tatizo la kuja na kuondoka linavyomlinda fundi asiyepima. Gari linalosita leo na kunyamaza kesho litaonekana limepona baada ya spea yoyote ile utakayolifungia, hata ungebadilisha taa ya nyuma. Unaondoka gereji ukiwa umefurahi, fundi anaandika ushindi, na wiki inayofuata gari linasita mahali pale pale. Ukirudi, hakuna anayekubali kwamba spea ya kwanza haikuwa na kosa. Unaambiwa kwamba sasa limejitokeza tatizo jingine. Kwa utaratibu huo fundi hawezi kukosea kamwe, na mwenye gari hawezi kupata haki kamwe, kwa kuwa hakuna kipimo kilichochukuliwa kabla wala baada ya kazi ambacho mtu anaweza kukirejea na kusema hiki hapa ndicho kilichobadilika.

Halafu kuna wale wa mashine. Wanachomeka mashine yao ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, wanasubiri, wanakugeukia na kusema kwamba haioni kosa, kwa hiyo gari halina kosa, labda ni petroli mbaya. Naomba mnisamehe kwa ukali, lakini mtu anayesema hivyo haelewi chombo alichokishika. Kompyuta ya gari la umri huu kwa kawaida huwasha taa ya injini pale volti za sensa zinapotoka nje kabisa ya mipaka iliyowekewa, yaani waya ukikatika au ukigusana na mwingine. Sensa inayodanganya ikiwa ndani ya mipaka, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde, inaaminiwa kama sensa nzima. Isitoshe, utaratibu wa pamoja wa soketi na misimbo ya hitilafu ulianza kuwa lazima kwa magari ya Marekani ya mwaka wa modeli 1996, na katika Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia miaka ya 2000 na 2001. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alikuwa na njia yake, mara nyingi ya kuunganisha pini mbili na kuhesabu mimuliko ya taa kwenye dashibodi, na orodha ya makosa ambayo kompyuta iliweza kuyatambua ilikuwa fupi. Kuutegemea ukimya wa kompyuta ya namna hiyo kama ushahidi wa uzima ni kumpotosha mteja. Fundi mmoja alifanya baya zaidi: alichomoa betri kabla ya kuangalia chochote ili, kwa maneno yake, kompyuta ianze upya, na hivyo akafuta kumbukumbu pekee ambayo huenda ingetusaidia.

Hakuna kati yao aliyeniuliza maswali, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa, kwa sababu maswali hayahitaji mashine wala mtaji. Tatizo linatokea injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Linatokea unapokanyaga, unapoachia, au mguu ukiwa umetulia? Mlimani au tambarare? Mvua ikinyesha linazidi? Tanki likikaribia kuisha linazidi? Kila jibu linafungua mlango mmoja na kufunga mingine kadhaa. Gari linalokosa nguvu mlimani na kwenye mwendo mkubwa, na hali ikazidi kadiri unavyolidai nguvu, linakuelekeza kwenye pampu, filta, au katalisti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) iliyoziba, na petroli hupimwa presha gari likiwa na mzigo, kwa kuwa mifumo mingi ya nozeli za kila silinda hufanya kazi karibu na baa 3 na pampu iliyochoka inaweza kabisa kuonesha kiasi hicho injini ikiwa imetulia. Gari linalozima likipata joto na kuwaka tena likipoa linakutuma kwenye sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta mzunguko wa injini, au moduli ya kuwasha cheche. Linalosita asubuhi zenye unyevunyevu linakuambia utazame kava la distribyuta (kigawa umeme wa cheche kwa kila plagi) na waya za plagi, tena gizani, injini ikiunguruma, ambapo cheche zinazotoroka huonekana kwa macho. Linalotetemeka likiwa limesimama na kutulia ukiongeza mwendo wa injini lina uwezekano mkubwa wa kuvuta hewa pembeni, kwenye gasketi ya manifoldi au mpira wa vakyumu uliopasuka. Na kama ni la kabureta, likasita pale tu unapokanyaga ghafla, huna haja ya kununua kitu kabla ya kuzima injini, kufungua kasha la hewa, kuvuta throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli) kwa mkono na kuangalia kama kijipampu cha ndani kinarusha petroli.

Sasa yarudieni maelezo yangu ya mwanzo. Mguu umetulia, mzigo ni mdogo, joto halileti tofauti, na nikikanyaga zaidi gari linavuta. Pampu inayoweza kuilisha injini wakati inahitaji petroli nyingi haiwezi kushindwa kuilisha inapohitaji kidogo; kama ingekuwa upande huo, kitu pekee cha kushuku kingekuwa umeme unaoifikia, rilei au soketi iliyolegea, na hilo nalo lisingechagua mahali pa pedeli. Kwa maelezo hayo peke yake pampu yangu ilipaswa kuachwa ilipo. Aliyeing'oa aliyasikia maelezo hayo kwa masikio yake.

Tatizo lilipatikana kwa fundi wa umeme wa magari ambaye alifanya jambo la ajabu, yaani alikaa kiti cha abiria, tukaondoka, akasubiri mpaka liliposita, akaniambia niushike mguu pale pale, likasita tena. Tuliporudi alianza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, akapima volti zinazopotea kati ya injini na betri, akaridhika. Kisha aliwasha swichi bila kuwasha injini, akaunganisha mita ya mshale kwenye waya wa ishara wa sensa ya throto, inayoiambia kompyuta throto imefunguka kiasi gani, na akaanza kufungua throto polepole kwa mkono. Kwenye sensa nzima, volti hupanda taratibu kutoka takribani 0.5 throto ikiwa imefungwa hadi karibu 4.5 ikiwa wazi kabisa, bila kuruka. Kwenye yangu mshale ulipanda kidogo, ukaanguka, ukarudi, ukaendelea kupanda mpaka juu bila tatizo lolote. Alirudia, ukaanguka mahali pale pale.

Maelezo yake yalinitosha. Ndani ya sensa hiyo kuna kijiti kinachoteleza juu ya utepe wa kaboni, na utepe huo huchakaa zaidi pale kijiti kinapokaa muda mrefu zaidi, ambapo ni pale pale mguu unapotulia katika mwendo wa kawaida. Kijiti kikipita juu ya sehemu iliyolika, ishara inaporomoka, kompyuta inaamini kwamba nimeachia pedeli, nayo inapunguza au kukata petroli kama ilivyoundwa kufanya. Nikikanyaga zaidi, kijiti kinavuka kovu na kila kitu kinakaa sawa. Mita ya dijitali ya kawaida huenda isingeonesha anguko hilo, kwa sababu inasoma mara chache kwa sekunde na kuonesha wastani. Ndiyo maana alitumia ya mshale, na mwenye osiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini, angeona vizuri zaidi. Sensa ilibadilishwa, ikawekwa kwenye kipimo chake, na kusita kukaisha.

Najua watakuja wa kuniambia kwamba gari limezeeka, niuze. Nimeambiwa hivyo gereji tena na tena, kwa sauti ya mtu anayenionea huruma, na kila mara ilitamkwa pale fundi alipoishiwa na spea za kukisia. Umri wa gari ni sababu ya kupima zaidi: waya zimekauka, soketi zimeshika kutu, mipira imekuwa migumu, na kila unapogusa kitu bila sababu unaweza kuvunja kingine. Kwangu ilitokea. Baada ya zile nozeli kuoshwa, injini ilianza kuunguruma kwa kasi isiyo ya kawaida ikiwa imesimama, na chanzo kikaja kuonekana kuwa mpira wa vakyumu ulioachwa haujarudishwa. Nililipa, na nikarudishiwa gari lenye hitilafu mbili badala ya moja.

Nawatendea haki mafundi kwa jambo moja: wenye magari wengi hawataki kulipia muda wa kupima, wanataka waone spea mpya mkononi ndipo waamini kazi imefanyika. Mimi niliahidi waziwazi kulipia muda huo, nikakubali gari lilale gereji mpaka tatizo lionekane, na bado nikapewa orodha ya spea. Kwa hiyo kisingizio hicho hakinihusu, na sitakikubali hapa.

Madai yangu kwa mafundi waliomo humu ni haya. Kabla hujaniambia ninunue, panda gari twende mpaka lisite, au niambie lilale kwako mpaka ulione. Andika kipimo ulichokipata na kipimo kinachotakiwa, hata kwenye kipande cha karatasi. Spea uliyoitoa nirudishie, ni mali yangu. Ikiwa uliyoifunga haikuondoa tatizo, usinitoze tena ufundi kwa kukisia nyingine. Na kama hujui, sema hujui. Nitakulipa muda wako na kukuheshimu, kwa sababu jibu hilo lingeniokolea pampu, koili na sensa ya oksijeni ambazo sasa ziko kwenye boksi stoo zikiwa nzima kabisa.

Nasubiri fundi mmoja tu anijibu hapa chini: ni kipimo gani, kwa gari lililosita jinsi nilivyoeleza, ambacho kingemfanya aihukumu pampu? Na wewe mwenye gari linalosita, ukiandika, taja kwanza hali ya joto, mzigo, mahali mguu ulipo kwenye pedeli na kiasi cha petroli kwenye tanki, ndipo uorodheshe spea ulizokwisha kubadilishiwa.