Kebo ya kuvuta stima kutoka jeti hadi kwenye boti: ninunue ipi? (Kisumu)

Winam_Boti
Wakuu, habari za jioni. Nina boti ya faiba iliyofanya kazi Mombasa miaka mingi kabla ya kuletwa huku kwa lori. Inafungwa kwenye jeti ya mtu binafsi upande wa Hippo Point, na mwenye jeti amekubali nivute stima kutoka ukuta wa stoo yake mradi niweke mita yangu ya tokeni. Ubavuni boti ina tundu la kuingizia stima, la bluu, pini tatu za mviringo, limeandikwa 16A. Ndani kuna chaja ya betri ya 12V ampea 30, friji ndogo, taa, na birika la stima ambalo mke wangu hataki hata kusikia likiondolewa. Kutoka ukutani hadi kwenye boti ni mita 35 hivi.

Nina chaguo tatu. Kuna ekstensheni ya rangi ya machungwa, waya wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba), iko tayari na plagi ya 13A. Kuna kebo nyeusi ya mpira ya 2.5 inayouzwa kwa mita pale mjini. Halafu shemeji yangu aliye Marekani anataka kunitumia kebo ya njano ya boti, ampea 30, anasema ndiyo yenyewe. Hiyo nyeusi bei yake imenikausha koo. Ya kwanza kweli haiwezi?

Kondele_Welding
Inaweza sana omera. Mimi nasukuma grainda mchana kutwa na waya wa 1.5 na sijaona moshi. Ampea 13 ni ampea 13. Hawa wa hadiwea wanataka pesa yako tu.

fundi_wa_Milimani
Kondele, grainda yako iko mita tano kutoka ukutani, kwenye saruji kavu. Huyu ni mita 35, juu ya maji.

Winam, tupige hesabu. Birika la wati 2,000 linakula ampea 8 na kitu. Chaja ikiwa imefungulia kabisa ni kama 2, friji na taa zinajazia. Weka ampea 11. Waya wa 1.5 hupoteza milivolti 29 kwa kila ampea kwa kila mita (hiyo imeshahesabu kwenda na kurudi), kwa hiyo mita 35 unapoteza volti 11. Wa 2.5 hupoteza milivolti 18, unabaki na hasara ya volti 7. Ungekuwa unapokea 240 kamili saa zote ningesema volti nne si kitu. Lakini wewe mwenyewe unajua stima ya jioni inavyokuwa, watu wote wakiwasha. Ukianza na 215 kisha utoe 11, kompresa ya friji inaanza kuhangaika kuwaka, inapata joto, na siku moja hutaisikia tena.

Volti hata si jambo kubwa hapa. Jambo kubwa ni ganda. Ekstensheni ile ni PVC ya kawaida, ya ndani ya nyumba na bustani. Jua la Kisumu likiipiga inakakamaa na kupasuka, na kwenye jeti itasuguliwa na kamba, mbao na viatu vya watu. Nyeusi ya mpira, soma maandishi kwenye ganda lake: ukikuta H07RN-F 3G2.5, umefika. Hiyo imetengenezwa kuvumilia maji, mafuta, jua na kuburutwa. 3G maana yake nyuzi tatu, mojawapo ikiwa ethi (waya wa usalama unaopeleka stima iliyovuja ardhini), ya kijani na njano. Ukiikuta 3G4 na mfuko unaruhusu, chukua, ila 2.5 inatosha kwa tundu la 16A.

Kabla hujalipa, omba wakukatie kipande kidogo, kwangua waya kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka katikati. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na imejaa madukani. Inapitisha stima kidogo kuliko shaba ya unene uleule na inaungulia kwenye viungio. Stika ya KEBS (shirika la viwango) pia iangalie, lakini kisu hakihongwi.

Winam_Boti
Asante fundi. Na ya shemeji? Maana hiyo ni ya bure.

fundi_wa_Milimani
Waya wake ni mnene, ningeupenda. Shida ni vichwa. Kebo za boti za Marekani za ampea 30 zina plagi ya kuzungusha ya volti 125, kwa sababu kwao stima ni 120. Sisi ni 240. Plagi ya 125 haipelekewi 240, na isitoshe haiingii kwenye tundu lako la bluu. Utaishia kukata vichwa vyote viwili na kununua vingine, halafu ulipe na usafiri wa ndege. Mwambie shemeji akutumie kitu kingine.

Na ile plagi ya 13A ya pini bapa iache ukutani kwa redio. Pale stoo weka soketi ya viwandani ya bluu, 16A, pini tatu, inayofanana na tundu la boti. Tafuta yenye IP67, si IP44. IP44 huvumilia mrusho wa maji tu. IP67 hata ikitumbukia kidogo inahimili, mradi kifuniko au plagi imekazwa.

Kondele_Welding
Sawa, nimesikia. Lakini si angetumia twin with ethi ya nyumba? Ni shaba, ni 2.5, na bei ni nusu.

fundi_wa_Milimani
Ya ndani ya ukuta hiyo. Shaba yake ni ngumu, imetengenezwa ilale mahali pamoja. Boti inacheza usiku kucha, waya unapindwa na kupinduliwa mpaka unakatika ndani bila wewe kuona. Na ukikatika ethi peke yake, kila kitu kitaendelea kuwaka vizuri kabisa.

Nyar_Mbita
Hapo kwa ethi ndipo nilikuwa nangoja mtu afike. Kaka Winam, jetini kwako watoto huogelea?

Winam_Boti
Jumamosi na Jumapili wanajaa, dada. Siwezi kuwafukuza, ni watoto wa majirani.

Nyar_Mbita
Basi tuongee hilo kabla ya bei. Ziwa letu ni maji baridi. Maji ya chumvi hupitisha stima vizuri kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo nyingi hupita pembeni. Kwenye maji baridi ni kinyume: mwili una chumvi kuliko ziwa, na stima inayovuja inachagua kupita kwa mtu. Chaja ikiharibika ndani na ethi ikawa imekatika, chuma cha injini na propela kinaweza kuwa na stima na huku juu taa zinawaka. Milliampea kama 10 tu hukaza misuli mtu asiweze kuogelea. Hachomeki, hapigi kelele, anazama. Watu watasema alishikwa na kiharusi, au wataanza mambo ya majini.

Kwa hivyo weka RCD (swichi inayojizima yenyewe stima ikivuja) ya milliampea 30 pale stoo, mwanzoni mwa kebo, si ndani ya boti peke yake. Ibonyeze kitufe cha kujaribu kila mwezi. Na watoto wasiogelee karibu na boti yoyote iliyounganishwa na stima, hata kama kila kitu ni kipya. Mtu akionekana anakakamaa majini, zima stima kwanza, mrushie boya au kamba. Usimfuate majini.

fundi_wa_Milimani
Naunga mkono kila neno. Na RCD ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kawi), atakayepima ethi ya ile stoo. Stoo nyingi za ufuoni ethi yake ni chuma kifupi kilichopigwa ardhini zamani na kusahauliwa.

Jua_Kali_Solar
Samahani kuingilia. Boti ya 12V, hapa ikweta, kwa nini kebo? Paneli ya wati 200 juu ya paa na kontrola yake itajaza betri na kubeba friji ndogo ya 12V na taa. Kebo itabaki kazi ya birika peke yake.

Winam_Boti
Wazo ni zuri, nitalifikiria mwakani. Birika nalo mshauri mke wangu mwenyewe.

Mzee_wa_Injini
Vijana mmesahau kitu kimoja. Boti imetoka Mombasa, kwa hiyo vile vipande vya kuliwa na kutu badala ya injini, vilivyofungwa chini yake, vitakuwa vya zinki. Zinki ni ya bahari. Kwenye maji baridi hujifunika ukoko na kuacha kufanya kazi. Weka vya magnesi, au vya alumini. Na ukishaunganisha ethi ya nchi kavu, chuma cha boti yako kinaungana na chuma cha kila boti nyingine iliyo kwenye ethi hiyo, na vile vipande huliwa upesi. Kuna watu wakiona hivyo wanakata ethi kwenye plagi. Usithubutu. Kinauzwa kifaa cha kuzuia ile stima ndogo ya kutu, kinafungwa kwenye waya wa ethi ndani ya boti, na ethi inaendelea kufanya kazi yake ya usalama. Kama jetini uko peke yako, kinaweza kungoja.

Winam_Boti
Asante mzee, shikamoo. Niko peke yangu kwa sasa. Basi nachukua mita 40 ya ile nyeusi, soketi ya IP67 na RCD, na nitakwangua waya mbele ya mwenye duka. Mita tano za ziada si nyingi?

Mzee_wa_Injini
Marahaba. Si nyingi. Jeti yako ni ya saruji, haipandi wala kushuka na ziwa. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka yakaingia majumbani, na aliyefunga kebo ikiwa imenyooka ilimvuta tundu. Acha ilegee, ila kiungio kisiguse maji, na kebo ining'inie chini ya tundu kidogo ili mvua idondoke kabla ya kufika kwenye pini. Hiyo soketi ya stoo nayo ipandishe kifuani kwa mtu mzima.

fundi_wa_Milimani
Na ile ya ziada usiiache imeviringishwa kwenye roli birika likichemka, inapata joto ndani kwa ndani. Itandaze. Ukiunganisha anza na boti, kisha ukuta. Ukichomoa, anza na ukuta, usije ukatembea jetini na kichwa chenye stima mkononi.

Kondele_Welding
Winam, ukienda dukani nipitie. Nami nataka kuona hicho kisu kwenye waya wangu wa grainda.